Mji Mkongwe usiku: wapi utausikia mziki wa laivu wenyewe na wapi utalipia sahani

Wadau habari zenu. Kila anayepanda boti kwenda Unguja anauliza swali hilohilo, usiku twende wapi tukasikie mziki wa kupigwa, na jibu analopewa mara nyingi ni jina la hoteli yenye paa zuri linaloangalia bahari. Mimi nina jibu lingine kabisa. Pale Mji Mkongwe mziki uko pale watu walipotoka majumbani kwao kwa ajili ya mziki wenyewe, wengine wamekuja kupiga na wengine wamekuja kusikiliza, chakula ni baadae. Ukishika hilo usiku wako hauharibiki. Mji wenyewe mdogo, jioni moja unauzunguka kwa mguu, ila una vikundi vya taarabu vyenye umri mkubwa kuliko Tanzania, na bado vipo, bado watu wanakaa chini wanapiga vyombo vya nyuzi, kanuni na udi na fidla, kwa mikono yao. Hiyo hazina watu wengi wanaipita wakienda kutafuta DJ.

Naanza na Ngome Kongwe mana ndio ukumbi mkubwa na ndio wengi wataufikia kwanza. Iko Forodhani, ubavuni mwa Beit al-Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ngome yenyewe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno, kuta nene za mawe, na ndani kuna viwanja viwili, cha kwanza kina majani na cha pili kina ngazi za mawe za kukalia zilizozunguka jukwaa. Sasa ukiingia pale usiku kuna onesho, juu hakuna paa, taa zinapiga kwenye ukuta wa zamani ule, upepo wa bahari unaingia, bendi inafungua, aisee, sijaona ukumbi wa kulinganisha nao. Kumbi nyingi za mjini ni boksi la zege lenye feni tu, hapa jengo lenyewe linakupa heshima kabla hata ya noti ya kwanza.

Ila saundi ya pale ina mambo yake na hili hamna mtu anakwambia mlangoni. Kuta za mawe zinarudisha besi, so ukikaa pembeni kabisa karibu na ukuta unasikia vumvum tu, maneno ya mwimbaji yanapotea, na kwa mziki kama taarabu ambao nusu ya utamu ni maneno hiyo ni hasara kubwa. Ukisogea mbele kabisa chini ya jukwaa napo unapata dramu na gitaa zinazotoka stejini ila sauti ya kuimba inapita juu yako, mana spika kubwa zimeelekezwa nyuma kule kwenye watu. Tafuta fundi mitambo kaweka meza yake wapi, ukimwona kaa usawa wake au mbele yake kidogo, yeye anazipima sauti zote kwa masikio yake kutoka pale, kwa hiyo anachosikia yeye na wewe ndicho utakachosikia. Kwenye ngazi za mawe kaa katikati, na beba kitambaa cha kukalia, masaa matatu juu ya jiwe yanauma.

Ngome Kongwe ndio nyumbani kwa tamasha la mziki la Sauti za Busara, na hapa nitakaa kidogo mana kama una pesa ya kwenda Zanzibar mara moja tu kwa mwaka kwa ajili ya mziki, nenda kipindi hicho. Lilianza 2004, linafanyika Februari, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha alafu likarudi. Kinachonifanya nilipende ni sharti lao moja, mziki lazima upigwe laivu. Hakuna mtu anapanda pale na flashi akaimba juu ya wimbo wake mwenyewe. Msanii wa bongo fleva akialikwa anakuja na bendi, na hapo ndo unamjua, kuna watu redioni unawaona wa kawaida, ila wakisimama na mpiga besi na mpiga dramu wa kweli unagundua kumbe jamaa ana sauti, na kuna wengine wenye majina makubwa pumzi inaisha wimbo wa pili. Mtazamaji anaona yote hayo kwa macho yake, na mimi naona hiyo ni haki ya mtu aliyelipa kiingilio.

Wanapanga bendi nyingi kwa usiku mmoja, majukwaa yanapokezana, huku wakimaliza kule wanaanza, unaweza ukatoka kwenye taarabu ya Unguja ukaingia kwenye bendi ya Afrika Magharibi alafu ukamalizia na singeli, na hiyo foleni ni nzuri kwa masikio mana unaanza kusikia vitu vinavyofanana, ngoma ya huku inajibu ngoma ya kule. Bendi zinaanza jioni jua halijazama na zinaenda mpaka usiku mkubwa. Ushauri wangu msije saa nne kwa mazoea ya Dar. Bendi za mwanzo, zile ambazo hujawahi kusikia majina yao, ndio mara nyingi zinapiga kwa moyo wote, na watu bado wachache so unasogea unavyotaka. Siku ya ufunguzi kuna maandamano ya ngoma na beni yanapita mtaani mpaka Forodhani, hayo hayana tiketi, ni bure, na watoto wa mji mzima wanayafuata. Usiyakose.

Tiketi zao zina bei ya Mtanzania na bei ya mgeni, tofauti ni kubwa, beba kitambulisho usije kulipa ya mzungu. Kuna wanaolalamika kwamba wageni ni wengi mno pale ndani siku hizo. Ni kweli wapo wengi, ila mimi nimesimama pale nikaona mama wa Kikwajuni na buibui lake anacheza mbele ya bendi kutoka nje ya nchi, na jamaa wa Darajani wanaimba maneno yote ya msanii wa kwao, na bila hao wageni na tiketi zao sidhani kama bendi za mbali zingekuwa zinaletwa pale. Kwangu linastahili kila shilingi.

Niseme na hili la kutofautisha laivu na plebeki mana huko mitaani watu wanatozwa kiingilio cha bendi wanapewa santuri. Angalia mikono. Mpiga kinanda akitoa mkono akajifuta jasho na kinanda kikaendelea, ujue kuna midundo imehifadhiwa mle ndani. Mwimbaji akishusha maiki na sauti ikabaki hapo hamna mjadala. Angalia pia wimbo unaishaje, bendi inayopiga kweli inamaliza kwa kuangaliana, kuna mtu mmoja anainua kichwa au gitaa na wote wanafunga pamoja, wakati wimbo wa flashi unakatwa tu na fundi. Na bendi ya kweli inaweza kurefusha, ikiona watu wamekolea inazunguka tena kiitikio. Hicho ndicho unacholipia.

Sasa tuingie kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, vikundi vya taarabu asilia. Viko viwili vikubwa ambavyo kila mtu mjini anavijua. Ikhwani Safaa, ambacho kilianzishwa 1905, na Culture Musical Club, yaani Mila na Utamaduni, ambacho ni cha 1958, kipindi cha harakati za kudai uhuru. Hebu fikiria 1905, hapakuwa na redio, na kikundi kipo mpaka leo. Historia yenyewe inaanzia kwenye jumba la kifalme, inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, akarudi akawa anapigia wakubwa, na kwa muda mrefu mziki ule ulikuwa wa Kiarabu na wa watu wa juu. Aliyeuleta kwa watu wengi kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, mwanamke ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Ndio mana nasema ukienda kukaa mbele ya kikundi cha taarabu Unguja unakaa mbele ya kitu kizito, hata kama ukumbi ni chumba chenye viti vya plastiki na taa nyeupe.

Na mara nyingi ni hivyohivyo, chumba na viti vya plastiki. Culture wako Vuga, na kwa miaka mingi mazoezi yao ya jioni yamekuwa ni mahali ambapo mtu akifika kwa adabu anakaribishwa. Hapo ndo pa kwenda. Usiende kama unaingia klabu. Unafika mlangoni, unavua viatu kama wenyeji wamevua, unamsalimia aliye karibu na mlango. Mimi nilimkuta mzee mmoja anakaza nyuzi za fidla.

"Shikamoo mzee, tunaweza kukaa tukasikiliza?"

"Marahaba mwanangu. Kaeni, lakini simu zitiwe kimya."

Basi, tukakaa. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi mpaka walipopumzika, ndo tukaletewa maji na maswali. Tulipoondoka tuliacha kitu kidogo kwenye mkono wa mkubwa wao, hakikuombwa, ila nyuzi za kanuni zinanunuliwa kwa pesa na nyie mkienda fanyeni hivyo.

Faida ya mazoezi ni kwamba unasikia vyombo bila spika. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, inalazwa mapajani au mezani, mpigaji anavaa pete zenye kucha kwenye vidole vya shahada na anaparuza kwa mikono miwili, na sauti yake ukiisikia kwa mita mbili bila mashine haifanani kabisa na ile inayotoka kwenye rekodi. Alafu kuna udi, fidla kadhaa zikipiga pamoja, nai yaani filimbi ya mwanzi, akodiani inayojaza nyuma, besi kubwa ya kusimama nayo, na midundo inatoka kwenye dumbaki na rika na bongosi. Vyote vinafuata njia moja ya wimbo kila kimoja na mapambo yake, hawagawani sauti kama kwaya ya kanisani, na ukishazoea masikio yanaanza kuchagua, mara unafuata fidla, mara unahamia kwenye kanuni. Wakikosea wanarudia kipande, mzee anaimba noti kwa mdomo, wanaanza tena. Hapo nimejifunza mengi kuhusu wimbo mmoja kuliko nilivyowahi kujifunza kwenye onesho zima.

Ukibahatika kukuta onesho lao kamili ni habari nyingine. Wanaanza na bashrafu, kipande cha vyombo vitupu bila mwimbaji, ni kama kukutuliza mawazo uliyokuja nayo. Usiongee wakati wa bashrafu, utaangaliwa. Alafu anaitwa mwimbaji wa kwanza. Anasimama mbele karibu bila kujitikisa, waitikiaji wamekaa safu nyuma yake, na wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 10 na kuendelea, beti, kiitikio, vyombo vinazunguka, beti tena. Kwa aliyezoea nyimbo za dakika tatu mwanzoni anaona mbona haishi, ila vumilia mpaka ubeti wa pili. Huo ubeti wa pili ndo unaoanza kusema kilichofichwa. Kiswahili chao ni cha mafumbo, mti, ua, chombo baharini, ndege katika tundu, na kila mtu ukumbini anajua nani kasemwa na nini.

Na hapo utaona kutunza. Mama anasimama na noti yake, anaenda taratibu kwa mwendo wa kucheza mpaka mbele, anaipunga kidogo watu waione, anampa mwimbaji, anarudi. Anaenda kwenye ule ubeti unaomhusu. Kuna wakati ubeti mmoja unawatoa watu kumi kwenye viti, mwingine haumtoi hata mtu, na ukiangalia kwa makini unausoma ukumbi wote, nani ana furaha, nani ana jambo na nani. Mgeni pia anaruhusiwa kutunza, beba noti ndogondogo, nenda wakati kiitikio kinazunguka, na mpe mwimbaji mkononi au weka pale wanapoweka wenzako. Usimrushie. Hii sio disko.

Taarabu nyingi pia zinapigwa harusini na huko ni mambo ya wanawake na ya kualikwa, so ukisikia fidla kutoka uani usijipenyeze, pita. Kwa akina dada watakaobahatika kualikwa, itikieni wito bila kufikiria mara mbili, na vaeni vizuri mana pale watu wanavaa.

Kuna jambo lingine nataka lisikike. Kwa miaka mingi kwenye hivi vikundi wanawake walikuwa waimbaji na waitikiaji, vyombo wanashika wanaume. Kikundi cha Tausi, alichokianzisha Bi Mariam Hamdani, kiligeuza hilo, wanawake wanashika vyombo wenyewe. Ukiona tangazo lao popote pale Mji Mkongwe acha unachofanya uende. Kumwona bibi mtu mzima kaikumbatia ala yake anaipiga kwa utulivu ule, na wasichana wadogo pembeni yake wanamfuata kwa macho, mimi kilinigusa sana.

Wasichana na vijana hao wengi wanapitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, wengi wanakiita DCMA, kilichofunguliwa 2002. Muda mrefu kilikuwa ghorofani pale Forodha ya zamani, Mizingani, jengo linaloangalia bandari. Ulizia maonesho ya wanafunzi na walimu wao, matangazo yanabandikwa mjini na wenye nyumba za wageni huwa wanajua. Ni ukumbi mdogo, watu wachache, unakaa karibu kabisa na wapigaji. Ubora unapanda na kushuka, lazima niseme ukweli, kuna kijana fidla bado inamshinda na kuna mwingine anakufanya usahau umekaa kwenye kiti kigumu. Ila ndio mahali unaposikia taarabu ikipewa pumzi mpya, udi na gitaa la besi, kanuni inaingia kwenye mdundo wa jazi au afro, na inakaa vizuri mana hawa watoto wameanza kwa kujifunza ile ya asili kwanza. Siti Amina na bendi yake ya Siti and the Band wametokea kwenye hichohicho chuo, anaimba na udi mkononi. Chuo kimepita kwenye hali ngumu sana ya pesa miaka ya karibuni mpaka kikawa kwenye habari za kutaka kufungwa, kwa hiyo kiingilio chako pale kina kazi kubwa kuliko kinywaji kimoja cha hotelini.

Kidumbaki wageni wengi hawaijui na naona ni kosa la wanaowatembeza. Ni ndugu mdogo wa taarabu, wa mtaani, wa kuchezwa. Ngoma mbili ndogo ndo zenye jina lenyewe, kuna fidla moja inayochana, kuna cherewa za kutikisa, na besi yao ni sanduku, yaani sanduku kwelikweli limepinduliwa likatiwa fimbo na kamba, mpigaji anavuta fimbo kubadilisha sauti. Usiangalie uchache wa vyombo. Nyimbo zinaunganishwa moja kwa moja bila kupumzika, maneno ni makali kuliko ya taarabu, na kukaa kwenye kiti huwezi. Kwa mtu anayesema taarabu ya asili inamsinzisha, mpeleke kidumbaki usiku mmoja. Kuipata ni kuulizia tu, mana ni mziki wa harusi na shughuli za watu, japo kwenye tamasha pale Ngome huwa vikundi vyake vinapandishwa.

Haya, mapaa ya hoteli. Sitaki kuyatukana yote mana yapo yanayowaheshimu wapigaji, Hurumzi na Shangani kuna migahawa ya juu ambapo unakula na wazee wawili watatu wanapiga udi na kanuni na dumbaki jua likizama, na kama una mgeni wa kwanza kabisa au bibi na babu wasioweza kusimama, ni jioni tulivu na nzuri. Ila jua unacholipa. Unalipa chakula, mziki umewekwa kama pambo. Hoteli moja ya pale mjini, jina naliacha, ilitangaza taarabu usiku kucha, tukapanda ngazi zile, wapigaji wakapiga kama dakika arobaini hivi katikati ya kelele za visu na mashine ya juisi, mwimbaji akafika ubeti wa tatu meneja akampa ishara akate kwa sababu kuna keki ya besdei inatoka jikoni. Yule mama alinyamaza akakaa chini, na vyombo vikapiga hepi besdei. Nilikasirika sana kwa niaba yake. Mtu kaimba maisha yake yote anakatwa kwa keki. Kabla hujaweka oda uliza maswali mawili tu, wanaanza saa ngapi na wanapiga muda gani, na kama kuna kiingilio cha mziki pembeni ya chakula uliza kinaenda kwa nani. Wenye majibu mazuri wanajibu haraka.

Taarabu ya kisasa, ile rusha roho ya vinanda, sina ugomvi nayo, watu wanacheza wanafurahi na waimbaji wake wana sauti za ajabu, lakini midundo mingi imo kwenye kinanda so kwa anayetafuta vyombo vya kupigwa haitamkata kiu. Fukwe za kaskazini na mashariki usiku ni DJ zaidi. Bendi za laivu zipo kwenye baa za ufukweni siku mojamoja, wengi wanapiga regge na nyimbo za kutumbuiza watalii, zinapoza moyo ila sio kitu cha kufunga safari.

Kama una usiku mmoja tu na sio Februari, nenda mazoezini Vuga au kwenye onesho la chuo, chochote kitakachokuwepo, alafu ndo ushuke Forodhani ukale urojo au pweza na juisi ya miwa. Kula baadae, mziki wa vikundi unaanza mapema kuliko tulivyozoea bara. Boti za mwendo kasi kutoka Dar ni kama masaa mawili ila za kurudi zinaisha mapema, huwezi kusikiliza mziki wa usiku ukalala kwako Dar, panga kulala. Mavazi, funikeni mabega na magoti mkiwa mjini, ni mji wa Kiislamu na watu ni wastaarabu, hawatakusema ila utajiona mwenyewe. Ramadhani mziki wa usiku unasimama, na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka cheki kalenda kabla ya kukata tiketi, hasa hizi za mwanzo wa mwaka.

Na kupiga picha, ombeni kwanza. Mazoezini wengi hawapendi kurekodiwa wimbo ambao haujakamilika, na wana haki, kazi yao inaibwa sana. Kama mmependa mwimbaji, ulizeni kama wana rekodi wanazouza wenyewe mkanunue pale pale mkononi kwao. Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarabu wa Unguja ambaye Aprili 2013 alituacha, alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonesho ya mziki ya kimataifa, mwaka 2005 na dunia nzima ikamjua, na bado kuna vijana wa Dar hawajawahi kusikia rekodi yake hata moja. Anzeni na yeye kwenye boti mkiwa mnaenda, masikio yatakuwa yamefunguka mkifika.

Kuhusu malazi kipindi cha Busara, vyumba vya Mji Mkongwe vinajaa mapema na bei zinapanda, so ukichelewa angalia upande wa Ng'ambo, Michenzani na Kikwajuni, nyumba za wageni za kule ni za bei ya kibinadamu na mpaka Ngome Kongwe unatembea kwa mguu, usiku njia ina watu mana wote mnatoka sehemu moja.